Jiwe la Mfereji

Ijumaa alfajiri bomba lilipasuka
chini ya ngazi ya saba, Kichochoro cha Wakaanga Ufuta,
Yerusalemu, ndani ya ukuta.
Mimi ni Garbis, fundi bomba, mwana wa fundi bomba.
Nilikwenda na spana, sururu, na chupa ya chai,
nikidhani kazi ni ya saa mbili.

Ng'oa bamba: bomba la Waingereza, kutu tupu.
Chini yake vigae vya Waturuki, vyekundu, vizima bado.
Chini yake majivu, unene wa shubiri,
ya moto ambao hakuna aliyewahi kunisimulia.
Kisha sururu ikalia.
Jiwe la kawaida likigongwa hunung'unika;
hili lilijibu.
Herufi. Nusu mstari, zimemung'unywa
kama jibini iliyopitiwa na panya.

Hapa kwetu jiwe lenye herufi halina siri.
Sijafuta jasho, wamekwisha fika.

Mwalimu Tirtza, kitambaa cha samawati kichwani,
kidole kimeganda kwenye aya:
"Mfalme wetu alijenga hapa. Sisi kwanza."

Sitt Widad, shingoni ufunguo
wa mlango uliozibwa kwa zege,
mkononi hati yenye muhuri wa sultani,
imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imetoboka:
"Na huyo mfalme alipofika, alimkuta nani?
Alifungua mlango wa nani?"

Padri Stavros akitweta, kanzu imeloa hadi magotini:
"Wanangu, hapa alipita aliyebeba msalaba."
"Juzi ulisema alipita mtaa wa pili."
"Alipita kote. Alikuwa amechoka."

Mali bila daftari hupotea bila habari, wamesema waliosema.
Lakini mji huu una madaftari kuliko milango,
na kila daftari lina kurasa zilizochanwa,
na kila aliyechana anakumbuka vizuri
kurasa alizochana jirani.

"Na wewe, Garbis, unasemaje?"

Nyanya yangu Araksi aliingia kwa Lango la Yafa
ana miaka tisa, ana kijiko, hana mama.
Neno lake la kwanza katika mji mtakatifu
lilikuwa: maji.
Lakini hilo sikulisema.
Nilikuwa nimelala kifudifudi,
mkono umezama shimoni hadi begani.

Niwaambieni mkono ulichoona.
Juu ya lile jiwe kuna mfuo, upana wa kiganja,
umelainika kama ukingo wa bakuli la urithi.
Mteremko wake kidole kimoja kwa kila hatua tatu:
ndivyo baba alivyonifundisha,
ndivyo ninavyolaza mabomba hata leo.
Aliyelichonga aliyajua maji.
Na zile herufi ziko ubavuni, miguu juu, kichwa chini.
Jiwe lilibomolewa ukutani kwa mtu,
likapinduliwa, likatiwa kazini.
Ukuta wa nani, sijui.
Mfereji ulikuwa mzuri.

Saa nne akaja mkaguzi Zvulun, utepe wa manjano, kamera:
asiguse mtu hadi kamati ikae.
Kamati hukaa Jumanne.
Maji yakafungwa mtaa mzima,
yaliyobaki yakajipenyezea vyumba vya chini vya kila mtu
bila kuuliza hati.

Adhuhuri ilikuwa imesalia koki moja,
uani kwa watawa wa Kihabeshi.
Ndoo zikateremka ngazi.
Huku Sabato inabisha na kuku hajachemshwa,
huku udhu, huku sakafu ya madhabahu;
plastiki ya buluu, bati, beseni la mtoto.
Tirtza alimshikia Widad mpini usimkate kiganja.
Nilimwona. Nusura nitabasamu.

Abba Tekeste, kijana, mgeni, hana hata mwezi hapa,
akafungua koki, akapangusa mikono,
akauliza kwa adabu zake zote:
"Haya, nani wa kwanza?"

Nikachukua chupa yangu ya chai
nikarudi kukaa na jiwe.